Italia au Mexico? Jibu liko njia ya Kasomeno

*Wakazi wa Lubumbashi wakitaka kubadilisha mlo mwisho wa wiki, wengi hukimbilia pizza. Wapo vijana wanaoulizia taco. Makala hii inauliza swali ambalo menyu hailiulizi: fedha ya sahani hiyo inaishia mfukoni mwa nani?*

Na Mwandishi Wetu, Lubumbashi

Kasomeno ni njia panda. Gari lililotoka Lubumbashi likifika hapo linachagua: kushika mashariki kwenda Kasenga na Mto Luapula, au kuendelea kaskazini hadi Pweto, na mwenye safari ndefu asonge mbele mpaka Kalemie.

Malori yanayorudi mjini hubeba mzigo usiobadilika sana: magunia ya mahindi, muhogo mkavu, makaa, na vikapu vya samaki waliokaushwa. Juu ya magunia wanakaa abiria, na juu ya abiria ni vumbi.

Mzigo huo ukishashushwa katika masoko ya mitaa ya Kenya, Katuba na Ruashi, sehemu nyingine ya mji uleule inajiandaa kwa starehe ya Jumamosi. Mtoto anatimiza miaka kadhaa, au mjomba amelipwa mgodini, na familia inataka kula nje.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Binti anataka pizza. Binamu yake, aliyeona taco kwenye simu, anataka chakula cha Mexico. Bibi anauliza kama huko waendako kuna bukari, yaani ugali, maana yeye bila bukari hajala.

Binti na binamu wanadhani wanabishania ladha. Bibi ameshika jambo kubwa zaidi: unga.

Italia ilikuja na watu

Pizza haikudondoka Lubumbashi kutoka mbinguni. Mji wenyewe, ulioitwa Élisabethville tangu 1910 hadi 1966, ulijengwa na mikono ya mataifa mengi: Walamba, Wabemba, Waluba, Wabelgiji, Wagiriki, Waitalia. Reli ilifika kutoka kusini mwaka huo wa 1910, na mwaka uliofuata tanuri la shaba la kampuni ya Union Minière likaanza kazi. Penye tanuri palikuwa na mshahara, na penye mshahara palikuja wafanyabiashara.

Mwaka 1911 walifika pia mapadri Wasalesiani. Shirika lao lilizaliwa Turin, kaskazini mwa Italia, ingawa wengi wa waliotumwa Katanga walikuwa Wabelgiji. Walifungua shule za ufundi na mashamba, na kazi yao ikaenea Kafubu, Sakania na bonde la Luapula.

Wengine waliletwa na misukosuko ya siasa. Kisiwa cha Rhodes kilikuwa chini ya Italia tangu 1912, na Wayahudi wengi wa kisiwa hicho walihamia Katanga kufuata ndugu zao. Sinagogi waliyoisimamisha karibu na mwaka 1930 ingali ni moja ya majengo yanayojulikana mjini. Mwaka 1938 Mussolini alipotunga sheria za ubaguzi wa rangi, wengine zaidi walikimbia. Waliobaki kisiwani walikamatwa na Wajerumani mwaka 1944 na kupelekwa Auschwitz.

Mmoja wa waliokimbilia huku aliitwa Nissim Soriano. Hakufungua mgahawa mjini. Alikwenda upande wa Ziwa Mweru, akafanya biashara ya samaki. Mwanawe Moïse Katumbi, aliyezaliwa Kashobwe katika eneo la Kasenga mwaka 1964, alikuja kuwa gavana wa Katanga tangu 2007 hadi 2015. Samaki wa upande ule wanaokuja mjini kwa barabara hupitia Kasomeno.

Ndivyo chakula cha Kitaliano kilivyosambaa sehemu nyingi za Afrika: kwa miguu ya watu. Mogadishu wanakula tambi kwa sababu Italia iliwatawala. Asmara wanakunywa kahawa ya mashine kwa sababu hiyohiyo. Malindi, kwenye pwani ya nchi ya Kenya, Waitalia walijenga kituo cha kurushia satelaiti cha San Marco miaka ya 1960, kisha watalii wao wakafuata, na leo pizza na aiskrimu ni sehemu ya mji.

> Italia ilikuja na watu, ngano ikaachwa nyuma. Mexico ilikuja na mbegu, watu wake hatukuwaona.

Mexico ilikuja na mbegu

Nani amewahi kumwona Mmexico akifungua duka katika mtaa wa Kamalondo? Hata hivyo Mexico imo katika kila sufuria ya Lubumbashi.

Mahindi yalitokana na nyasi ya mwituni huko kusini mwa Mexico, miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Pilipili ni ya huko. Parachichi ni la huko. Maharage na nyanya ni mazao ya bara hilohilo la Amerika. Ongeza muhogo na karanga kutoka Amerika ya Kusini, na soko la Mzee Kabila linabaki na vibanda vichache visivyo na deni kwa wakulima wa ng'ambo ya Atlantiki.

Wareno ndio walioanza kuvusha mbegu hizo karne ya 16. Kutoka pwani zilipita mkono kwa mkono, kijiji kwa kijiji, hadi zikafika katikati ya bara kabla Mzungu yeyote hajaiona Katanga. Mmexico hakufuatana nazo, wala kitabu cha mapishi.

Waitalia nao walipokea mbegu hizo kama sisi. Nyanya inatajwa Italia kwa mara ya kwanza mwaka 1544, na ilichukua muda mrefu kabla haijapanda juu ya pizza. Hivyo anayedhani amechagua Italia na kuiacha Mexico, ameiramba Mexico kwenye mchuzi wa nyanya bila kujua.

Posho ya mgodi

Lakini mahindi hayakutawala meza ya Katanga kwa sababu ya mbegu tu. Kabla ya migodi, watu wa nyanda hizi walikula sana mtama, ulezi na muhogo. Aliyebadilisha mlo alikuwa mwajiri.

Union Minière ililisha maelfu ya wafanyakazi waliotolewa mbali, na ilihitaji chakula kinachosafirishika kwa magunia na kupimwa kwa mizani. Mahindi yalikuwa yanalimwa kwa wingi kusini, katika nchi zilizoitwa Rhodesia, na reli ilikuwapo tayari. Mfanyakazi akapewa posho ya unga. Watoto wake wakakua kwa bukari wa mahindi, na wajukuu wakaamini ndicho chakula cha mababu.

Kitoweo kilitafutwa Luapula. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijikita Kasenga, wakavua na kununua samaki, wakawapakia kwenye barafu na kuwasafirisha kwa malori hadi migodini. Walivua bila breki. Samaki aitwaye mpumbu, aliyekuwa akipanda mto kwa makundi makubwa wakati wa kutaga, alikuwa ameporomoka kufikia mwisho wa miaka ya 1940.

Kampuni ya taifa ya Gécamines ilipoirithi Union Minière mwaka 1967, iliendeleza posho. Kampuni ilipoyumba miaka ya 1990, posho ikayumba nayo. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Familia zilizozoea gunia la kila mwezi zikaanza kuulizia bei ya unga sokoni, na bei hiyo haikuwa tena juu ya mwajiri.

Ilikuwa juu ya Zambia.

Mkate wa jirani

Lubumbashi hula mahindi mengi kuliko yanayovunwa kuizunguka. Pengo hujazwa kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Jirani akivuna vizuri, mama wa Katuba anapumua. Jirani akikaza mkono, bei inapanda kabla hata lori la mwisho halijaisha kushushwa.

Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la taifa. Agosti mwaka huohuo, Kongo ilipozuia bia na vinywaji baridi kutoka Zambia, Zambia ilifunga mpaka kwa siku chache. Mji wa watu wengi namna hii ulikumbushwa kwamba funguo za ghala lake ziko mkononi mwa mwingine.

Viongozi wamejaribu dawa mbalimbali. Katumbi alipokuwa gavana aliyataka makampuni ya madini yalime mahindi, kila moja hekta 500. Kampuni ya shaba, hata hivyo, ina akili ya shaba. Shamba kwake lilikuwa karatasi ya kuonyesha serikali, na bei ya kobalti ikipanda hakuna mhandisi anayekumbuka palizi.

Hapa ndipo swali la mgahawa linapopata uzito. Mgahawa ni mteja. Ukinunua kwa mkulima wa Kasomeno, umemjengea soko. Ukinunua kontena, umelijengea soko shamba la mbali.

Wanaoitetea pizza

Wapenzi wa pizza wana hoja zao, na si za kubezwa.

Kwanza, pizza imeshazoeleka. Mtoto wa mtaa wa Golf anaijua, wa Bel-Air anaijua, na mpishi kijana aliyefundishwa kuitengeneza atapata kazi karibu hoteli yoyote. Mteja analipa bila kuelezwa anachokula.

Pili, ngano haiko pizza pekee. Mji unakula mkate kila asubuhi. Kuilaumu pizza na kuusamehe mkate si haki.

Tatu, wanasema, hakuna sheria ya mbingu inayokataza ngano hapa. Mashamba makubwa ya Zambia hulima ngano msimu wa kiangazi, kati ya Mei na Oktoba, kwa kumwagilia. Udongo na hali ya hewa ya mkoa wetu wa Haut-Katanga havitofautiani sana na vya upande wa pili wa mpaka.

Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo inayojibomoa yenyewe. Ngano ya umwagiliaji inahitaji pampu, umeme wa uhakika na mtaji mkubwa. Hilo si shamba la familia iliyo kando ya barabara ya Kasenga, inayolima kwa jembe na kungoja mvua ya Novemba. Kwa miaka mingi ijayo, unga wa pizza ya Lubumbashi utaendelea kutoka mbali, na jibini yake nyingi itatoka mbali pia.

Wanaoitetea taco

Upande wa pili una wafuasi wachache lakini hesabu yao ni nzuri.

Tandaza sahani ya Kimexico mezani uihesabu. Tortilla, yaani chapati inayofungwa taco, ni mahindi. Maharage yanalimwa katika mikoa ya Haut-Katanga na Tanganyika. Parachichi linaoza chini ya miti wakati wa msimu. Pilipili, nyanya, vitunguu, nyama ya mbuzi ya kuchoma (michopo): vyote viko sokoni. Hata samaki wana nafasi, kwa kuwa watu wa Baja California, kwenye pwani ya magharibi ya Mexico, hufunga samaki wa kukaanga ndani ya tortilla na kuwala barabarani. Samaki wa Luapula hana sababu ya kuona haya mbele yao.

Kwa hiyo mgahawa wa Kimexico unaweza kujaza karibu jiko lote kwa mazao ya mkoa. Mgahawa wa Kitaliano, hata ukiwa na nia njema, unaanza na deni la unga.

> Mgahawa wa pizza unaanza na deni la unga. Wa taco una karibu jiko lake lote katika soko la mtaa wa Kenya.

Wapinzani wanajibu kwa swali moja: nani ataacha bukari wa mama yake alipie mahindi yaleyale kwa dola, eti kwa sababu yamesukumwa yakawa bapa? Wahenga walikwisha onya kuhusu kuacha mbachao kwa msala upitao.

Swali hilo lina jibu, na jibu limo jikoni.

Somo la chokaa

Wamexico hawasagi mahindi makavu moja kwa moja kama tufanyavyo. Huyachemsha kwa maji yenye chokaa, wakayaacha humo usiku kucha, wakayaosha hadi ganda litoke, ndipo wakayasaga yangali majimaji kuwa donge. Donge hilo ndilo linalopigwa bapa na kuokwa juu ya kikaango kikavu.

Kazi hiyo inaonekana kama usumbufu wa bure. Siyo. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kwa namna ambayo tumbo haliwezi kuifungua. Chokaa huifungua. Pia huongeza kalsiamu, na hupunguza sehemu ya sumukuvu inayoingia kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya.

Italia ililipa gharama ya kutojua hayo. Wakulima maskini wa Veneto na Lombardia waliyapokea mahindi ya Mexico, wakaacha mapishi yake ng'ambo. Walikula polenta asubuhi, mchana na jioni. Polenta ni bukari: unga wa mahindi uliosongwa kwa maji moto. Wakaugua pelagra, maradhi yanayobabua ngozi, yanayoharisha na hatimaye yanayovuruga akili. Hesabu ya serikali mwaka 1881 ilikuta wagonjwa zaidi ya 100,000.

Afrika nayo imeonja. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipata pelagra kwa maelfu mwaka 1990, karanga zilipokosekana kwenye mgao wao. Mji wa Kuito nchini Angola uliipata wakati wa vita, mwaka 1999 na 2000.

Kwa nini Lubumbashi haijulikani kwa ugonjwa huo? Kwa sababu bukari hauliwi mtupu pale mambo yakiwa sawa. Huliwa na samaki, dagaa, maharage, na mboga zilizopikwa kwa karanga. Kitoweo ndicho kinachofanya kazi ambayo Mmexico aliipa chokaa. Familia iliyopunguza kitoweo kwa sababu ya bei, ikabakiza bukari na majani, imejiondolea kinga bila kujua.

Mbinu yenyewe si ngeni kabisa kwetu. Wapishi wa upande huu wanajua maji ya majivu, ambayo hulainisha mboga ngumu na bamia. Chokaa na majivu ni ndugu wa ukoo mmoja: vyote hufanya maji yawe makali kwa namna moja. Kinachokosekana ni mpishi wa kuanza kuyatia kwenye mahindi, na chokaa safi ya chakula, si ile ya viwandani inayopelekwa kwenye mitambo ya shaba.

Hapo ndipo mgahawa wa taco unapoweza kuuza kitu ambacho mama hana nyumbani: mahindi yenye harufu nyingine, unga mwingine na faida nyingine mwilini. Bukari haupingwi. Unapata ndugu.

Barabara inakuja na nini?

Ubishi huu ungekuwa wa chumba cha kulia tu kama si barabara. Kongo na Zambia zina mradi wa barabara ya kulipia kutoka Kasomeno, kupitia Kasenga na daraja jipya juu ya Luapula, hadi Mwenda upande wa Zambia: kilomita zipatazo 180. Lengo ni kufupisha safari ya shaba kwenda Dar es Salaam kwa mamia ya kilomita na kupunguza foleni ya Kasumbalesa.

Malori yatakayokwenda na shaba hayatarudi matupu. Yatarudi na mchele, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, na kila kinachouzika. Kasomeno, iliyokuwa njia panda ya samaki na makaa, itakuwa mlango.

Mlango hufunguka pande mbili. Mkulima wa hapo akiwa na mnunuzi wa uhakika mjini, barabara nzuri itamfikisha sokoni haraka na kwa nauli nafuu. Asipokuwa naye, barabara hiyohiyo itamletea mshindani mlangoni, mwenye unga uliosagwa, uliofungwa na uliopigwa chapa.

> Barabara nzuri haimchagulii mtu upande. Humsaidia aliyejiandaa kuitumia.

Basi twende wapi?

Kama kigezo ni ladha, kila mtu na ulimi wake. UNESCO iliuorodhesha upishi wa asili wa Mexico mwaka 2010, na ufundi wa wapika pizza wa Napoli mwaka 2017. Hakuna aliyeshindwa.

Kama kigezo ni mkulima wa Haut-Katanga, jibu la mwandishi huyu ni Mexico, kwa sharti moja lisilo na mjadala: tortilla iwe imetoka kwenye mahindi ya hapa. Taco iliyofungwa kwa tortilla ya paketi kutoka ng'ambo ni pizza iliyobadilisha kofia. Na mpishi wa Kitaliano mwenye akili anaweza kuugeuza uamuzi huo kesho asubuhi, kwa kuweka polenta kwenye menyu pamoja na samaki wa Kasenga. Atakuwa amepika chakula halali cha Veneto, na bibi atakula bila kuuliza bukari uko wapi.

Ila mwenye mgahawa, wa taifa lolote, asinunue kwa mazoea ya mji. Mkulima wa njia ya Kasomeno huvuna kuanzia Aprili, akauza haraka kwa bei ya chini kwa kuwa ana deni la mbegu na hana ghala. Kufikia Februari, msimu wa njaa, wengi wao hununua unga kwa bei ya juu kuliko waliyouzia. Mnunuzi anayekwenda sokoni gunia kwa gunia anashiriki katika mtego huo hata kama hana nia mbaya.

Anayeweza kuuvunja ni yule anayekubaliana na kikundi cha wakulima kabla ya mvua za Novemba: kiasi gani, bei gani, unyevu kiasi gani kwenye punje, nani analipia magunia. Mgahawa mmoja peke yake ni mteja mdogo. Migahawa kumi, hoteli na mabweni ya wanafunzi wakiungana ni mteja ambaye hata benki itamsikiliza.

Mteja wa Jumamosi naye ana sehemu yake, na haimgharimu chochote. Menyu ikiletwa, amuulize mhudumu unga umetoka wapi. Wakiuliza watu kumi kwa jioni moja, mhudumu atampelekea mwenye mgahawa swali hilo, na mwenye mgahawa atalazimika kutafuta jibu la kuwapa.